Ardhi na Desturi katika Mashamba ya Mizabibu ya Bourgogne



Katika likizo iliyopita baba alituita sisi wanawe wanne, akatutembeza katika shamba letu la kilimani, tangu migomba ya juu mpaka kijito cha chini. Akasema, "Hapa patakuwa pa kaka yenu, na hapa patakuwa pa anayemfuata." Kila alipotaja mpaka niliona vipande vinazidi kuwa vyembamba. Habari hii si ngeni kwa wasomaji wengi wa nchi yetu ya vilima. Nilirudi shuleni nina mawazo. Basi ikawa somo letu la kwanza la jiografia lilikuwa habari za kilimo cha Ufaransa. Padre alitundika ramani, akatuonyesha mahali pembamba kama uzi, akasema ya kuwa pale yako mashamba mengine madogo kuliko ya baba zetu, nayo yamegawanywa kwa wana na wajukuu kwa zaidi ya miaka 200, lakini bei yake inapita bei ya mashamba mengine yote ya Ufaransa. Nikamwuliza sababu. Akanipa vitabu vitatu, akasema, "Katafute, kisha utuandikie." Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza neno moja kwa mlezi wetu wa nidhamu, asije akashtuka kwa kuona neno divai katika gazeti la shule: habari hii si ya kunywa, ni ya udongo.

Nchi yenyewe inaitwa Bourgogne, nayo iko upande wa mashariki wa Ufaransa. Ni jimbo kubwa lenye mashamba ya nafaka, misitu na ng'ombe weupe, lakini sehemu iliyolipa sifa ni ndogo sana. Ukitoka mji wa Dijon ukaelekea kusini kupita mji wa Beaune, utaona upande wako wa kulia mteremko mmoja unaokwenda yapata kilomita 50. Upana wake mahali pengi haufiki hata kilomita moja. Mteremko huo unaitwa Côte d'Or, maana yake Mteremko wa Dhahabu, kwa kuwa majani ya mizabibu hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kupukutika. Wengine husema ya kuwa neno hilo la dhahabu ni kifupi tu cha neno la Kifaransa lenye maana ya mashariki, kwa sababu mteremko unatazama maawio ya jua. Mimi naona maelezo haya ya pili yana faida zaidi kwa mwanafunzi, maana yanaeleza jambo lenyewe.

Tutazame mteremko huo ulivyofanyika. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita mahali hapo palikuwa bahari ya kina kifupi yenye maji ya vuguvugu. Kombe na viumbe vidogo vya baharini vilikufa, vikalala chini tabaka juu ya tabaka, vikagandamana kuwa mawe ya chokaa. Baada ya muda mrefu sana ardhi ikapasuka. Upande wa mashariki ukazama, ukawa bonde la mto Saône, na upande wa magharibi ukabaki juu. Wasomaji wanaokaa kando ya Ziwa Tanganyika wataelewa upesi, maana bonde la ziwa letu nalo lilifanyika kwa ardhi kupasuka na kuzama. Ukingo wa ufa ule wa Bourgogne ndio mteremko wa mizabibu. Na kwa kuwa ardhi ilivunjika vipande vipande, si mahali pamoja tu, matabaka yake hayakulingana. Mkulima akipiga hatua mia moja huenda akaacha udongo mwekundu wenye mawe mengi akaingia katika udongo wa mfinyanzi mzito.

Mteremko una sehemu tatu, ingawa hakuna aliyezichora mstari. Huko juu kabisa, karibu na msitu, udongo ni haba na upepo ni baridi. Chini kabisa, pale unapokutana na bonde, udongo ni mwingi na wenye maji. Mgeni angedhani hapo chini ndipo pazuri, kwani ndipo mahindi yangestawi. Lakini mzabibu una tabia yake. Ukishiba sana huota majani mengi, na zabibu zake huwa kubwa zenye maji matupu. Ukipandwa katika udongo maskini wenye mawe, hupeleka mizizi yake chini kati ya nyufa za mwamba, nao huzaa zabibu chache, ndogo, zenye nguvu. Tena hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutuama chini. Mwezi wa Aprili, machipukizi yanapoanza kutoka, jalidi huyaunguza kwanza ya chini. Kwa hiyo sehemu iliyo bora ni ya katikati, mahali penye mwinamo wa kutosha kupitisha maji ya mvua na kupokea jua la asubuhi.

Kwa nini tofauti ndogo kama hizo zionekane katika zabibu? Sababu ni kwamba Bourgogne iko mbali na ikweta, kwenye nyuzi 47 za kaskazini, karibu na mwisho wa nchi ambazo zabibu nyekundu ziliweza kuiva vizuri tangu zamani. Mahali penye jua tele kila shamba huiva. Mahali ambapo jua ni la kubahatisha, mwinamo kidogo wa ardhi kuelekea kusini, au mawe meupe yanayotunza joto, yaweza kuwa tofauti kati ya zabibu tamu na zabibu chungu. Sisi tulio karibu na ikweta hatufikirii hivi juu ya jua, lakini juu ya mvua twafikiri.

Mizabibu yenyewe ni ya aina chache. Kwa divai nyekundu hupandwa Pinot Noir, na kwa nyeupe Chardonnay. Nchi nyingine huchanganya zabibu za aina mbili au tatu katika pipa moja. Kwenye mteremko huu, karibu kila chupa nzuri ni ya aina moja tu. Basi ikiwa divai mbili zimetoka katika zabibu za namna moja, kwa mkulima mmoja, katika mwaka mmoja, nazo zikatofautiana, watu husema tofauti ni ya ardhi.

Aina hizo hazikushinda zenyewe. Katika karne ya 14 wakulima wengi walipenda mzabibu uitwao Gamay, kwa kuwa huzaa sana na huiva mapema. Tarehe 31 Julai 1395 Philippe, mtawala wa Bourgogne aliyepewa jina la Shujaa, alitoa amri ya kwamba Gamay yote ing'olewe, akiutukana mmea ule kana kwamba ni mtu mwovu asiyeaminika. Vitabu vinamsifu kwa amri hiyo. Mimi nawafikiria pia wakulima maskini. Tauni kuu ya mwaka 1348 ilikuwa imeua watu wengi, wafanyakazi walikuwa wachache, na mmea unaozaa sana bila taabu ulikuwa riziki yao. Mtawala alilinda sifa ya divai yake. Waliolipa gharama ni wengine. Wala mzabibu wa Gamay haukuwa na hatia. Kusini zaidi, katika vilima vya Beaujolais vyenye mawe ya matale, hata leo hutoa divai inayopendwa. Ulikuwa umepandwa pasipo pake.

Sasa nifike kwa watawa, ambao ndio walionifanya niipende habari hii.

Mwaka 1098 watawa wachache, wakiongozwa na Abate Robert wa Molesme, walikwenda kukaa mahali paitwapo Cîteaux, katika bonde la Saône. Walitaka kuifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kupunguza kitu, pamoja na agizo lake la kufanya kazi kwa mikono. Mahali penyewe palikuwa msitu na maji yaliyotuama, pasipofaa mizabibu hata kidogo. Lakini walihitaji divai kwa Misa, na kwa wageni wao, na Kanuni yenyewe huwaruhusu watawa kipimo kidogo kwa siku. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 12 walianza kupewa na kununua mashamba kwenye mteremko, mahali paitwapo Vougeot. Kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, kwa zaidi ya miaka 200, waliyaunganisha yakawa shamba moja la hekta 50 hivi. Kufikia mwaka 1336 walikuwa wamelizungushia ukuta wa mawe. Ukuta huo bado upo, na shamba linaitwa Clos de Vougeot. Neno clos maana yake shamba lililofungwa kwa ukuta.

Husimuliwa ya kuwa watawa wale walionja udongo kwa ulimi ili kujua tofauti zake. Siamini, wala sioni haja ya kuamini. Mabruda waliofanya kazi pale hawakuwa na haja ya kula udongo. Walikuwa na kitu ambacho mkulima mmoja hana, yaani muda. Mkulima huvuna mara 30 au 40 katika maisha yake, kisha hufa na maarifa yake. Nyumba ya watawa haifi. Bruda aliyeona ya kuwa pembe fulani ya shamba hupatwa na jalidi humwambia bruda kijana, naye kijana huja kuwa mzee. Hesabu za mavuno zilikuwa zikiandikwa, mapipa yakiwekwa mbalimbali. Husimuliwa pia ya kuwa divai ya sehemu ya juu ya Vougeot iliwekewa Baba Mtakatifu na wafalme, ya katikati ilikuwa ya maaskofu, na ya chini ilinywewa na watawa wenyewe. Sijui kama mapipa yaligawanywa sawasawa namna hiyo, lakini masimulizi yanaonyesha ya kuwa watu walijua tangu zamani kwamba shamba lile moja ni mashamba matatu.

Kutokana na kazi ya namna hii, ya watawa, ya watawala na ya wanavijiji wenyewe, mteremko mzima ulikatwa vipande vipande, kila kimoja na mipaka yake na jina lake. Kipande kama hicho wenyeji hukiita klima. Msidhani ni habari ya mvua na joto tu; kwao klima ni mahali fulani panapojulikana, pamoja na udongo wake, jua lake, jina lake na yote yanayokumbukwa juu yake. Kuna klima 1,247 kwenye mteremko huu, na mwezi wa Julai 2015 shirika la UNESCO liliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Majina yake mengi ni majina ya kawaida kabisa, kama yale ambayo mchungaji angelipa bonde. Perrières ni mahali palipochimbwa mawe. Genevrières ni mahali pa vichaka vya mreteni. Clos des Mouches husikika kama Shamba la Nzi, lakini nzi wanaotajwa hapo ni nyuki, maana palikuwa na mizinga. Montrachet ni Mlima Upara, kwa kuwa hakuna kilichoota juu yake. Nao upara ule leo hutoa divai nyeupe inayosifiwa kuliko karibu zote duniani.

Klima nyingine ni ndogo sana. Ile iitwayo Romanée-Conti ni hekta 1.8 tu. Mwana wa kifalme wa ukoo wa Conti aliinunua mwaka 1760, jina la ukoo wake likabaki.

Ardhi yenyewe haikai mahali pake bila kazi. Mvua kubwa huteremsha udongo, nao hujaa chini ya ukuta. Tangu zamani wakulima wameuzoa kwa vikapu na kuupandisha mgongoni mpaka juu, mwaka baada ya mwaka. Mawe yaliyowasumbua walipolima waliyarundika, wakajengea kuta na vibanda vya kujikinga na mvua. Basi mtu akisema ya kuwa divai ile imefanywa na ardhi, yampasa akumbuke ya kuwa ardhi ile nayo imebebwa na watu.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, na mali ya Kanisa ikachukuliwa na serikali. Clos de Vougeot liliuzwa mwaka 1791. Mwanzo lilibaki mikononi mwa mwenyewe mmoja baada ya mwingine, lakini karibu na mwisho wa karne ya 19 likaanza kukatwakatwa. Tena, tangu mwaka 1804 sheria ya Napoléon iliagiza kwamba watoto wote warithi, pasiwepo mwana mmoja anayechukua yote. Kwa haki ni sheria njema, wala mimi niliye mtoto wa tatu siwezi kuilaumu. Lakini tazameni hesabu yake. Shamba lile la hekta 50, lililokuwa na mwenyewe mmoja kwa karne nyingi, leo lina wenyewe wapatao 80. Gawanyeni, mtaona kila mmoja hapati hata robo tatu ya hekta, na wengine wana mistari michache tu ya mizabibu.

Hapa ndipo nilipoliacha kalamu nikafikiri. Yule mwenye mistari michache pale Vougeot si maskini. Sababu ni kwamba kipande kiligawanywa lakini jina halikugawanywa. Kila mmoja wa wale 80 ana haki ya kuandika Clos de Vougeot juu ya chupa yake, na chupa ile inauzwa kwa jina la shamba zima na kwa kumbukumbu ya miaka 900. Sisi tukigawanya, kila kipande huanza kana kwamba hakijawahi kuwa kitu.

Hata hivyo jina lenyewe lilikuwa hatarini. Mkulima mwenye mapipa mawili hakuweza kusafirisha divai yake mbali. Aliiuza kwa wafanyabiashara wa Beaune na Nuits-Saint-Georges, nao waliimimina pamoja na ya wengine, kama kahawa ya vilima vingi inavyokutana katika kituo kimoja cha kuoshea. Wafanyabiashara wengine walikuwa waaminifu. Wengine walitia divai ya mbali na kuandika jina la hapo. Vijiji navyo vilikuwa na ujanja wao. Mwaka 1847 kijiji cha Gevrey kiliongeza mwishoni mwa jina lake jina la klima yake mashuhuri, Chambertin, kikawa Gevrey-Chambertin, na vijiji jirani vikaiga. Tangu hapo mnunuzi asiyejua alidhani kila pipa la kijiji lilitoka katika klima ile.

Ndipo wakaja watu wa kuandika mambo sawasawa. Mwaka 1855 daktari mmoja, Jules Lavalle, alitoa kitabu alichopanga humo mashamba ya mteremko kwa madaraja, na mwaka 1861 chama cha kilimo cha Beaune kikachora ramani ya madaraja hayo kwa rangi. Mwisho, tarehe 30 Julai 1935, Ufaransa ilitunga sheria ya majina ya asili ya divai. Sheria hiyo haisemi tu zabibu zitoke wapi. Inaeleza na aina ya mzabibu, na namna ya kuupogoa, na kipimo cha mavuno ambacho mkulima asikipite kwa kila hekta. Mtu akivuna kupita kiasi hupoteza haki ya jina. Madaraja ni manne: chini kabisa divai ya jimbo zima, kisha ya kijiji, kisha ya klima za daraja la kwanza, na juu kabisa zile chache ziandikwazo Grand Cru, ambazo katika Bourgogne yote ni 33. Kati ya chupa mia moja za Bourgogne, labda moja au mbili ni za daraja hilo la juu.

Nilipofika hapa nilitaka kujua kama ramani inafuata udongo kwa haki, nikarudi tena Vougeot. Jibu ni kwamba haifuati. Sehemu ya juu ya shamba lile ina udongo haba juu ya mwamba wa chokaa. Sehemu ya chini, inayogusa barabara kuu ya zamani ya Dijon na Beaune, ni mfinyanzi mzito usiopitisha maji upesi. Lakini lote ni Grand Cru, juu na chini sawasawa, kwa sababu liko ndani ya ukuta mmoja. Vuka barabara, hatua chache tu, na divai inashuka mpaka daraja la chini. Padre alisema hiyo ni kasoro ya sheria. Mimi nilimjibu, kwa heshima, ya kuwa ndiyo sehemu iliyo ya kweli kuliko zote, maana inaonyesha ya kuwa klima haikufanywa na mawe peke yake. Watawa walipofunga ukuta wao waliifanya ardhi ya chini kuwa ndugu ya ardhi ya juu, na hakuna aliyethubutu kuwatenga tena. Mwenye kununua chupa, lakini, afadhali aulize ni ya juu au ya chini.

Ugonjwa wa mizabibu nitautaja kwa ufupi. Kidudu kidogo mithili ya chawa, kiitwacho filoksera, kilitoka Amerika kikaingia Ufaransa katika karne ya 19, kikafika Meursault katika mteremko huu mwaka 1878. Kilikula mizizi, mizabibu ikafa. Dawa iliyofaa ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani yasiyodhurika. Wengi walikataa, wakisema mizizi ya kigeni itaharibu ladha. Romanée-Conti ilisubiri kuliko karibu wote. Mizabibu yake ya zamani iling'olewa mwaka 1945, ikapandwa upya, na mpaka mwaka 1952 hapakutolewa divai yoyote kwa jina hilo. Leo desturi yote ya mteremko imesimama juu ya mizizi ya Marekani.

Desturi nyingine ningependa kaka zetu walio wauguzi na waganga waisome. Mwaka 1443 Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walijenga hospitali huko Beaune kwa ajili ya maskini, baada ya miaka ya vita na njaa. Wagonjwa walitunzwa katika nyumba ile ile mpaka mwaka 1971. Tangu karne ya 15 watu waliokuwa na mashamba waliirithisha hospitali sehemu za mizabibu yao, na sasa ina hekta 60 hivi. Tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada, kwa kawaida Jumapili ya tatu ya Novemba, na fedha husaidia hospitali ya mji. Watu wanaokuja kununua hupima pia bei za mwaka kwa mnada ule.

Sasa mambo mawili yanawatia wasiwasi watu wa huko.

La kwanza ni bei. Hekta moja ya Grand Cru yauzwa kwa mamilioni ya yuro, na mzazi akifa serikali hudai kodi ya urithi kwa kufuata bei hiyo, si kwa kufuata mapato ya jembe. Watoto wasio na fedha taslimu huuza. Tazameni Clos de Tart, shamba la hekta saba na nusu katika kijiji cha Morey-Saint-Denis. Masista wa Tart walilipata mwaka 1141. Kutoka kwao, mwaka 1791, liliingia kwa ukoo mmoja. Mwaka 1932 likaenda kwa ukoo mwingine. Na mwaka 2017 likakubaliwa kuuzwa kwa kampuni ya tajiri François Pinault. Wenyewe wanne tu katika karibu miaka 900, na shamba halikukatwa hata mara moja. Ni jambo la ajabu, lakini wa mwisho si mkulima.

La pili ni jua. Mjini Beaune zipo kumbukumbu za siku ya kuanza kuvuna zabibu tangu mwaka 1354. Wataalamu walizipanga mpaka mwaka 2018, wakaona ya kuwa kwa karne nyingi mavuno yalianza kwa wastani tarehe 28 Septemba, lakini tangu mwaka 1988 yameanza siku 13 mapema zaidi. Mwaka 2003 zabibu zilichumwa mwezi wa Agosti. Machipukizi nayo hutoka mapema, na jalidi ya Aprili huyakuta wazi. Mwaka 2021 wakulima waliwasha moto usiku kati ya mizabibu, na bado mavuno mengi yalipotea. Mashamba ya juu, nyuma ya mteremko, ambayo wazee waliyadharau kwa baridi yake, sasa yanatafutwa. Ikiwa jua litaendelea hivi, ramani ya mwaka 1861 itakuwa inaeleza nchi nyingine. Na sheria ile iliyolinda jina hairuhusu mtu apande aina nyingine ya mzabibu pale Vougeot na bado aandike Vougeot. Philippe Shujaa aling'oa Gamay kwa amri moja. Nani leo atakuwa na mamlaka ya kung'oa Pinot, hata kama siku moja itakuwa lazima?

Siku ya kutembelewa na wazazi baba alikuja. Nikamwuliza kama sehemu za shamba letu zina majina. Alishangaa kwamba sijui. Akanitajia manane, mengine ya wakati wa babu yake: Penye Mkuyu, Kwa Mjane, Chini ya Njia, na mengineyo. Akanieleza ni wapi kahawa huiva mwanzo na ni wapi mvua huchukua udongo. Niliandika yote katika daftari langu la jiografia na kuchora ramani, naye akanisahihisha mara mbili. Kipande nitakachorithi mimi kinaitwa Penye Mawe. Baba anasema hakuna aliyewahi kupanda kitu pale isipokuwa maharagwe.